Mfuko wa ndani ya gagulo

Jumapili binti yangu wa mwisho alikuwa anapiga pasi, akaniinulia gagulo. "Mama, hii zipu ya ndani ya nini?" Nikamwambia akamuulize bibi yake wa Kilombero. Akacheka, akaendelea na nguo zake. Akili yangu ilishavuka Namanga.

Bibi huyo ndiye Shangazi yangu. Enzi hizo alikuwa anafuata mzigo Nairobi, mtaa wa Isili (Eastleigh), pale Garissa Lodge, ile gesti ambayo Wasomali waliokimbia vita waligeuza vyumba vyake kuwa maduka. Safari ile akaniambia twende, nikajifunze biashara. Somo lilianzia kwenye basi. Mtaji, ndani ya gagulo. Nauli ya kurudia, kifuani. Kwenye mkoba, pochi chakavu yenye vinoti viwili vitatu: hiyo ni ya wenyewe, ukikabwa watupie, usibishane. Hereni alinivua yeye mwenyewe mpakani. Kwenye matatu nisikae dirishani, na nikikaa nisishike simu. "Na usiongee ongee. Ukisema tu 'samahani kaka, naomba kuuliza', wameshajua umetoka wapi."

Basi, tuko barabara ya Ronald Ngala, katikati ya Nairobi, tunatafuta matatu za namba 6 za kwenda Isili, watu wamejaa, makondakta wanapiga mabati ya magari yao. Kijana mmoja akatupita kwa haraka. Shati jeupe limenyooshwa vizuri, mkononi ana bahasha ya kaki. Mfuko wa nyuma wa suruali ukatema kitu, kikatua mbele ya kidole changu cha mguu kabisa. Bunda. Limefungwa raba, limo kwenye nailoni nyeupe (ilikuwa kabla hawajazipiga marufuku mwaka 2017), na juu yake Mzee Kenyatta ananitazama, noti ya elfu, zile zilizoondolewa 2019. Kijana haangalii nyuma. Nikasikia pumzi ya mtu sikioni.

"Madam, umeona hiyo? Wacha kelele. Twende hapa kando tugawane."

Baba wa makamo, koti la suti, sura ya mwalimu. Kidevu chake kilikuwa kinaonyesha kichochoro katikati ya maduka mawili, mtu wa kwanza akiingia wa pili hapiti. Mate yalinikauka. Sikumjibu, wala mguu haukusogea, si mbele si nyuma.

Shangazi, aliyekuwa ametangulia hatua chache, akageuka. Akaliona bunda, akamwona baba, akakiona kichochoro. Halafu akatoa ile sauti yake ya kuuzia nyanya.

"Baba! We baba wa shati jeupe! Umedondosha hela zako!"

Ronald Ngala nzima ikageuka. Kijana hakuwa na namna, akarudi, akainama, akaokota. "Asante, mathe." Alisema kwa adabu kabisa, ila mikono ilikuwa inamtetemeka. Kutazama pembeni, mwenye suti hayupo.

Kwenye matatu nilimuuliza Shangazi kwa nini hakupiga yowe la mwizi. Akanikata jicho. "Wamchome moto mtoto wa watu kwa hela ambayo hajachukua?"

Nguo tulinunua, tukafungasha, na kesho yake tukarudi. Shangazi anaapa mpaka leo kwamba chini ya noti ile yalikuwa magazeti matupu, na kwamba kule kichochoroni tungepigwa roba wote wawili. Huenda. Mchezo huo hata Kariakoo upo. Lakini mimi niliona noti ya juu tu, na ile mikono sijawahi kuielewa. Mtu aliyekosa windo anatetemeka vile? Au ilikuwa kodi ya nyumba, na mwenye suti alikuwa mpita njia mwenye tamaa zake tu?

Hayo nilimwambia tukiwa tumeshaipita Longido. Alikuwa anamenya chungwa.

"Kama zilikuwa zake," akasema, "si tumemrudishia?"