Isale la Rangi

Juzi muuguzi alimpangusa mwanangu begani kwa pamba yenye spiriti kabla ya kumchoma sindano. Mtoto alianza kulia hata kabla hajaguswa. Nilimbembeleza, lakini ile harufu ilikuwa imeshanirudisha Moshi, jikoni kwetu Majengo, mwaka ule wa mgao.

Ilikuwa 2006. Ukame ulikuwa umelipunguza sana bwawa la Mtera, umeme ukawa wa zamu, na mama akaanza kutengeneza mishumaa ya kuuza Mbuyuni. Kalibu zake zilikuwa vipande vya bomba la plastiki vilivyopasuliwa kwa urefu na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Utambi ulikuwa uzi wa pamba. Nta aliiyeyusha kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji, kamwe si moja kwa moja motoni, maana ikizidi joto inashika moto.

Krismasi ilipokaribia wateja wakaulizia ya maua. Mama akanunua rangi ya maji, na rangi ikakataa. Ilijikusanya matone matone juu ya nta kama umande kwenye jani la gimbi. Jirani yetu, fundi wa mabango, akaja kuangalia. "Mama, nta ina mafuta," alisema. "Ifute kwa spiriti kwanza. Halafu tia tone la sabuni kwenye rangi, paka nyembamba, ikauke, urudie." Akamwonyesha na njia nyingine anayoiamini zaidi: unga wa rangi ukorogwe kwenye nta iliyoyeyuka, kisha uchore na hiyo hiyo, nta juu ya nta. Akaonya rangi isifike kwenye utambi, kwa sababu inaziba njia ya nta kupanda, na mshumaa unabaki kufuka moshi.

Tukauza. Kilichobaki kichwani mwangu ni mshumaa mmoja ambao haukwenda sokoni.

Baba alikuwa ameshafariki. Baba mkubwa, kule Kibosho, alikuwa hasemi na mama kwa sababu ya masale, mimea ya majani marefu iliyopandwa kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Mtu aliyang'oa masale hayo usiku, na kila upande uliuangalia mwingine. Aliyekulia Uchagani anajua ugumu wa jambo hilo. Isale ni mpaka, na isale hilo hilo ndilo la kuombea msamaha: aliyekosewa akiletewa jani lake, hapaswi kukataa. Mama alitaka amani. Lakini kubeba jani bichi hadi kwa shemeji yake kungekuwa kukiri kwamba sisi ndio tuliong'oa.

Basi usiku mmoja akachukua mshumaa mnene kuliko yote, akaufuta kwa spiriti mara mbili, akaniambia nishike koroboi karibu. Alichanganya kijani na nyeusi kidogo, kwa sababu isale si kijani cha majani ya chai, ni kizito. Brashi ilikuwa inaganda kila baada ya mstari mmoja. Aliirudisha kwenye nta ya moto, akaikung'uta ukingoni, akavuta mstari mwingine kutoka chini kwenda juu kwa pumzi moja. Jani la kwanza. La pili likiegemea la kwanza. Katikati ya kila jani aliacha uzi mwembamba wa nta tupu, ndio ukawa mshipa wake. Chini ya utambi aliacha upana wa vidole viwili bila rangi. Hakuwa amesema neno tangu aanze, na mimi niliogopa hata kukohoa.

Siku ya Krismasi, baada ya misa, tulipanda Kibosho. Baba mkubwa aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuza, akakwaruza jani kwa ukucha.

"Hii ni rangi," alisema.

"Ni rangi, shemeji," mama akajibu.

Alimtazama mama kwa muda. Kisha akauweka juu ya kabati, kando ya redio, akasema, "Karibuni chakula." Tukala. Habari ya mpaka haikutajwa siku ile, na haikufika barazani. Mvua za masika zilipokuja, masale yalikuwa yamepandwa upya, yamenyooka. Hakuna aliyesema ni nani aliyeyapanda.

Mshumaa haukuwashwa. Ulikaa pale kabatini hadi baba mkubwa alipofariki, utambi wake mweupe, kijani kimefifia upande wa dirishani.

Kaka yangu anasema ule ulikuwa ukatili wa mzee: isale hujibiwa kwa maneno, na yeye hakujibu. Mimi namwambia mtu haweki mbele ya macho yake, miaka yote hiyo, kitu alichokikataa. Tumelibishania hili misibani na harusini, na safari moja tulimfuata mama mwenyewe atuamulie. Alikuwa anamenya ndizi. Alisema kila mtu mjini alikuwa anapeleka soda na mkate, yeye hakuwa na hela, akapeleka alichokuwa nacho.

"Na isale?" kaka akauliza.

"Si mliliona wenyewe," mama akasema, akamwambia avute sufuria.