Nani Aliwafinyanga?

Likizo ndefu ya mwaka 1997 nilipanda Usangi na begi la nguo chafu na habari moja: siamini tena kama kuna Mungu. Mwaka mmoja wa falsafa pale Mlimani ulitosha. Nilikuwa nimemsoma Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyeandika mwaka 1882 kwamba Mungu amekufa na sisi ndio tuliomuua. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, kama yule wetu aliyenibariki kipaimara.

Jioni ya kwanza Bibi aliniambia niombee chakula. Nikasema siombi. Hakugomba. Aliomba yeye, tukala.

Kesho yake nilimkuta uani anafinyanga. Gurudumu hakuwa nalo. Chungu kilikaa juu ya kigae, na yeye ndiye aliyekizunguka, kainama, akikwangua ubavu wake kwa gunzi. Nikaona wakati ndio huu.

Sikuanza na Mjerumani. Nilianza na Okot p'Bitek, mwandishi wa Kiacholi, mwana wa Gulu kule Uganda, aliyekwenda kusoma Uingereza akauacha Ukristo, kisha akawashambulia wasomi kama John Mbiti kwamba wanaivisha miungu ya Waafrika kanzu za Kigiriki, yaani wanaieleza kwa mawazo ya falsafa ya Wagiriki. Nikamsimulia Bibi kisa alichokiandika: mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi nani aliwaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba hivyo, basi swali likawafikia wazee kama, nani aliwafinyanga? Wakashangaa. Mtu anazaliwa na mama yake, anafinyangwaje? Walipobanwa, mzee mmoja akakumbuka kuwa yupo mtu anayezaliwa mzima, kisha kifua kikuu cha uti wa mgongo kikampinda. Huyo kafinyangwa, na anayewafinyanga watu hivyo ni pepo aitwaye Rubanga. Mapadri wakalichukua jina hilo wakampa Mungu.

Bibi alicheka mpaka akaweka gunzi chini. Nami nikangoja imani yake itikisike.

"Na yule mwenye kibiongo," akauliza, "walimfanyaje?"

Sikujua. Hata kujiuliza sikuwahi.

"Mdogo wangu alikuwa nacho. Kilianza kama punje ya njugu, hapa, ana miaka tisa. Mchungaji akasema ni mapenzi ya Mungu. Miaka mitatu sikukanyaga kanisani." Akachovya vidole kwenye maji, akapitisha mdomoni mwa chungu. "Wewe umeanza jana, mume wangu, tena kwa kusoma."

"Sasa ulirudi kwa nini, Bibi?"

"Alinituma. Kile kilima hakukiweza tena. Akasema nenda kasikilize nyimbo, uje uniimbie."

Darasani tulikuwa tumegawanyika, waumini upande huu, wakana Mungu upande ule, na kila mmoja ana hoja zake kidoleni. Hakuna aliyewahi kutaja mtu aliyerudi kanisani kwa kutumwa. Nilitaka kumuuliza kama siku hizo alizokwenda kuchukua nyimbo alikuwa anaamini, lakini alishageukia ufa mdogo karibu na shingo ya chungu, na Bibi akiwa na ufa husemi naye.

Jioni hakuniambia niombe. Aliomba mwenyewe, kwa Kipare, sala ndefu kuliko ya jana, na humo nikasikia jina la mdogo wake. Nilikuwa nimeshachota kijiko cha kwanza cha makande. Nikakishika hivyo hivyo hewani mpaka akamaliza.