Jaribio Lililofeli Usiku Tu

Lilikuwa jaribio fupi la programu yetu, la kujiendesha lenyewe: fungua usajili wa siku 30, soma tarehe ya mwisho iliyotolewa na seva, linganisha na inayotarajiwa. Mchana kutwa lilifaulu. Likiendeshwa kati ya saa 6 na saa 9 usiku, lilifeli, tarehe zikitofautiana kwa siku moja kamili. Tulizoea kuliendesha upya asubuhi na kuendelea na kazi nyingine, jambo ambalo hadi leo naliona uzembe, kwa sababu jaribio lilikuwa linasema kweli.

Usiku mmoja sikuliendesha upya. Nilichapisha saa zote mbili sambamba: kompyuta ilisoma 00:40 ya tarehe 5, seva ikasoma 21:40 ya tarehe 4. Seva ilihesabu kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, jaribio kwa saa ya kompyuta iliyokuwa saa 3 mbele.

Kuhamishia kila kitu UTC hakukutosha. Jaribio liliuliza saa mara moja na seva mara ya pili. Usiku wa manane ukipita katikati, tarehe zinakuwa mbili. Basi tukaiondoa saa ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu. Kila sehemu iliyoiuliza mashine muda ikaanza kupokea saa kutoka nje: kwa watumiaji saa halisi, kwenye majaribio saa bandia isiyosogea mpaka iamriwe. Tuliisimamisha 31 Januari 2023, 23:59:59, kwa makusudi: ukiongeza mwezi mmoja hapo, baadhi ya maktaba (msimbo uliotayarishwa na wengine) hukupa 28 Februari, nyingine 3 Machi.

Tokeni, vibali vya muda vya kuingilia vinavyoisha baada ya dakika 15, ndizo zilizotusumbua zaidi. Jaribio la zamani lilifupisha uhai wa tokeni kuwa sekunde 1 ili lisisubiri. Mashine ikielemewa, tokeni ilikufa kabla hatujahakiki kwamba bado ni hai. Sasa tulisogeza saa bandia sekunde 899, tukitarajia ikubaliwe, kisha 900, tukitarajia ikataliwe.

Ikakataliwa hata kwenye 899. Nilipekua msimbo wote bila kuona kosa, hadi nilipofungua swali linalokwenda kwenye hifadhidata kuuliza kama tokeni bado ni hai. Lilitumia saa ya hifadhidata yenyewe, ambayo saa yetu bandia haiigusi, na kwa saa hiyo tokeni ya Januari ilikwisha kufa zamani. Tukaufanya muda kuwa kigezo cha swali, yaani thamani tunayoipeleka sisi pamoja nalo. 899 ikakubaliwa, 900 ikakubaliwa pia, kwa sababu swali lililinganisha muda wa sasa na mwisho wa tokeni kwa "ndogo au sawa" badala ya "ndogo". Tukafuta alama moja, ile ya "sawa".