Kulijua tufaha jekundu likingali jani

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kusoma DNA ya mitufaha, huuliza kama tunachomeka jeni ngeni ndani ya tunda. Hatuchomeki kitu. Maua yanachavushwa kwa brashi kama zamani, mbegu zinachipua, nasi tunachungulia tu kila mche umerithi nini.

Tunachungulia kwa sababu mtufaha uliotoka kwenye mbegu unaweza kumaliza miaka 5 au zaidi bila kuzaa, na mbegu za tunda moja ni ndugu wasiofanana. Ukipanda zote ukangoja, utamwagilia na kupogoa miti kibao ambayo mwishowe itakuletea rangi usiyoitaka.

Wekundu wa ganda ni anthosayanini, rangi asilia ya mimea, na jeni inayoiamuru itengenezwe, MYB1 (wengine huiita MYB10, ni ileile), iko kwenye kromosomu ya 9. Mwaka 2019 watafiti waliosoma jenomu, yaani DNA yote, ya tufaha la Kichina liitwalo Hanfu walionyesha kwamba matufaha mekundu yana kipande cha DNA kilichohamia karibu na jeni hiyo na kuichochea. Golden Delicious, tufaha la njano, haina kipande hicho. Nakala moja inatosha, kwa hiyo mzazi mwekundu mwenye nakala moja akichavushwa na wa njano, kama nusu ya watoto watakuwa na uwezo wa kuiva wekundu.

Mezani kwangu mambo ni madogo zaidi. Nakata kiduara cha jani changa, la juu kabisa, nakitia kwenye kishimo chake katika sahani ya vishimo 96. DNA inatolewa, kipande tunachokitafuta kinarudufishwa mara nyingi kwa mbinu iitwayo PCR, kisha kinapitishwa kwa umeme kwenye jeli inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu. Ukiwasha taa, mistari inang'aa: mche wenye mstari unabaki kitaluni, usio nao unang'olewa. Kinachoninyima usingizi ni uelekeo wa ile sahani, si kemia. Ikigeuzwa, kishimo cha kwanza, A1, kinakaa mahali pa cha mwisho, H12, na unang'oa wazuri huku ukiwabembeleza wabaya. Ndiyo maana kona moja huwa naitia wino kabla ya kugusa jani lolote.

Hata hivyo alama, yaani kile kipande cha DNA tunachokisaka kwenye jeli, inasema "anaweza", haisemi "atakuwa". Gizani protini ya MYB1 huvunjwavunjwa, ndiyo maana tunda lililofunikwa na jani hubaki na kivuli cheupe chenye umbo la jani hilo. Joto kali nalo hulififisha ganda. Usiku wa baridi kidogo hulikoza. Na Honeycrisp, aina nyingine ya tufaha, ndiyo inayonichekesha: milia yake myekundu na ile iliyopauka ina mfuatano uleule wa DNA, tofauti ni vibandiko vya kikemikali, yaani methilesheni, vilivyoshikamana karibu na jeni. Jeli yangu haivioni.

Mimi binafsi nisingeanza na rangi. Kuna alama za kinga dhidi ya ugonjwa wa ukoko, unaoletwa na kuvu, zikiwemo za jeni Rvi6 iliyotoka kwa Malus floribunda, mtufaha wa mapambo, na kuna za uchachu kwenye kromosomu ya 16. Ningechuja ukoko kwanza, kisha uchachu, rangi ije mwisho kwa miche iliyosalia. Wauzaji wanataka kinyume chake, kwani mnunuzi huchagua kwa macho. Mabishano hayo hurudi kila msimu wa kuchavusha, na mpaka sasa wao ndio wanaoshinda.