Usiku Niliolala Ndani ya Boti Kabla ya Kuinunua

Boti yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye boya ndani ya hori la Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, na kwa mtu aliyeitazama akiwa amesimama gatini haikuwa na kasoro hata moja. Ilikuwa na urefu wa futi 33, imeundwa Marekani mwaka 2003, ina injini mbili za dizeli chini ya sakafu, kabini ya kulala watu wanne, jiko, friji na choo, na mwenyewe alikuwa ameipiga msasa na kuing'arisha hadi kivuli cha mikoko kikawa kinaonekana ubavuni mwake. Mimi nimezoea mashua za fiba zenye injini ya nje, ambazo ugonjwa wake wote uko mbele ya macho: mpira wa mafuta ukipasuka unauona, plagi ikichafuka unaifungua. Chombo chenye kabini ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa mabomba, waya na pampu zake zimefichwa nyuma ya mbao nzuri, na anayeuza ana kila sababu ya kutaka uzitazame hizo mbao.

Siku ya kwanza nilifika saa nne asubuhi kama tulivyoahidiana. Mzee mwenye boti alinikaribisha, akafunua mlango wa chumba cha injini, akabonyeza kitufe, na injini zote mbili zikawaka papo hapo bila kukohoa. Kabla hajabonyeza nilikuwa nimeweka kiganja changu juu ya injini ya kulia, nikaikuta ina joto. Hakuna aliyekuwa ametoka na boti asubuhi ile, hivyo ilikuwa wazi kwamba zimewashwa kabla sijafika. Sikumlaumu, kwa sababu huenda alitaka tu kuhakikisha hataaibika mbele ya mgeni, lakini injini ya dizeli iliyokwisha kupashwa moto haikuelezi lolote kuhusu betri zake wala sindano zake za kunyunyizia mafuta wala mgandamizo wa silinda zake. Nikanywa chai, nikatazama karatasi za usajili, nikamwomba tukutane tena kesho yake saa kumi na mbili alfajiri, tena injini zisiguswe.

Alfajiri ile ndiyo iliyonipa picha ya kwanza ya kweli. Injini ya kulia iliwaka baada ya mizunguko michache, ikatoa moshi mweupe ambao ulitoweka kadiri ilivyopata joto, na hilo ni jambo la kawaida. Ya kushoto iliwaka vilevile, lakini nilipoinama tezini, yaani nyuma ya boti, kutazama maji yanayotoka pamoja na moshi kwenye ekzosi, niliona upande wa kulia unatema maji kwa mkupuo mnene na wa kushoto unatema kidogo, huku mvuke ukiwa mwingi. Kwa injini ya aina hii maji ya bahari huvutwa na pampu yenye gurudumu la mpira, hupitishwa kwenye kipozeo ili yachukue joto la maji yanayozunguka ndani ya injini, kisha humwagwa nje kupitia ekzosi. Kwa hiyo maji yakipungua nyuma, kuna kitu kimeziba au kimechakaa mbele. Niliandika daftarini nikanyamaza.

Baada ya hapo ndipo nilipotoa ombi ambalo mzee hakulitarajia, la kulala humo ndani usiku mmoja, peke yangu, boti ikiwa kwenye boya lake.

“Mwanangu,” akaniambia, “mimi nauza boti, sikodishi chumba.”

Nilimweleza kwamba mchana gati lina kelele za watu na mashine, na kwamba mifumo ya boti kama hii hufanya kazi yenyewe mtu akiwa amelala, nami nilitaka kuisikia. Nilimwachia kitambulisho changu na sehemu ya pesa kama dhamana. Alicheka, akanipa ufunguo na taa ya tochi.

Saa kumi na mbili jioni nilipima betri za kabini, zile zinazolisha taa, friji na pampu ya maji, nikapata volti 12.7, kipimo cha betri iliyojaa. Nikawasha friji na taa moja ndogo, nikajaribu bomba zote za maji kisha nikazifunga, nikajilaza. Saa tatu usiku, kelele za hoteli zilipotulia, nikasikia mngurumo mfupi wa sekunde tatu hivi kutoka chini ya jiko, kisha kimya. Baada ya dakika ishirini mngurumo ukarudi, na baada ya ishirini nyingine tena. Hiyo ilikuwa pampu ya maji ya kunywa na kuoga. Pampu ya namna hii ina swichi inayohisi shinikizo, na bomba zikiwa zimefungwa na paipu zikiwa nzima haina sababu ya kuamka hata mara moja hadi asubuhi. Ikiamka, kuna mahali maji yanatoka.

Saa saba usiku nikasikia sauti tofauti, nzito zaidi, kutoka tezini, na mara maji yakaanza kumwagika nje ubavuni kwa muda wa karibu nusu dakika. Hiyo nayo ilikuwa pampu ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti ambako maji yanayovuja hukusanyika. Saa kumi ikafanya hivyo tena. Mchana nilikuwa nimefunua mbao za sakafu mara mbili nikakuta ngama kavu, nikafurahi, na furaha hiyo ilikuwa ya kitoto, maana ngama kavu ilikuwa ushahidi wa pampu nzuri tu. Paneli ndogo ya sola juu ya paa ilikuwa ikilisha betri ya pampu ile kila siku, pampu ikimwaga maji usiku na mchana, na pengine mzee mwenyewe hakuwahi kujua. Katika jahazi mabaharia hufua maji kwa mikono, kwa hiyo kila mtu chomboni anajua linavuja kiasi gani. Swichi inayoelea, ile inayowasha pampu yenyewe maji yakipanda, imewaondolea watu taabu hiyo, na habari yenyewe ikaondoka nayo.

Nikazima swichi ya pampu ile, nikafunua mbao, nikafanya jambo ambalo fundi mmoja wa Kilifi alinifundisha zamani: nilichovya kidole nikaonja. Ngama ya boti ile imegawanywa na ukuta, na sehemu ya katikati, chini ya tangi la kuchemshia maji, ilikuwa na kidimbwi cha maji matamu. Sehemu ya nyuma ilikuwa na maji ya chumvi. Kwa hiyo yalikuwa mavujo mawili, si moja, na yasiyohusiana. Lile la maji matamu nililipata kwa kupitisha karatasi ya chooni kwenye viungo vyote vya paipu hadi ilipolowa, kwenye vali ya usalama ya tangi la maji moto. La maji ya chumvi lilikuwa mchirizi mwembamba mahali shafti ya injini ya kushoto, chuma kinachozungusha rafadha (pangaboi), inapopenya chini ya boti. Pale hupakiwa kamba iliyotiwa grisi, na matone machache shafti inapozunguka yanakubalika, lakini chombo kikiwa kimetulia panatakiwa pawe pakavu au karibu na pakavu. Nilisimamisha rula, na kati ya saa kumi na saa kumi na mbili asubuhi maji yalipanda sentimita 4. Kisha nikawasha tena pampu, kwa sababu sikutaka kuizamisha boti ya watu kwa ajili ya utafiti.

Kulipopambazuka nilipima betri za kabini tena, nikapata volti 11.7. Zilikuwa mbili, kila moja ya saa-ampea 100 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri), na friji ndogo kama ile pamoja na taa haiwezi kula zaidi ya saa-ampea 30 au 40 kwa usiku mmoja. Betri nzima zingebaki na volti 12.4 hivi. Hizi zilikuwa zimekufa zikisubiri kuzikwa. Zilijaa haraka kwa sababu zilikuwa na nafasi ndogo iliyobaki ya kujaa. Ndiyo maana kipimo cha jioni peke yake kingenidanganya.

Suala la umeme wa gatini lilinichukua muda mrefu zaidi kuliko nilivyodhani. Boti iliundwa kwa soko la Marekani, ambako umeme ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali wetu Kenya ni volti 240 na mizunguko 50. Mzee alikuwa na transfoma gatini inayopunguza volti, na aliamini kwamba hilo limemaliza kila kitu. Transfoma haigusi mizunguko. Mota iliyoundwa kwa mizunguko 60 ikipewa 50 huzunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na hupata joto zaidi, na kiyoyozi cha kabini kilikuwa na historia ya kuzimika chenyewe ambayo mzee aliieleza kama tabia tu. Chaja ya betri nilisoma kibandiko chake nikaona inapokea volti na mizunguko yote miwili, nikaiacha. Kiyoyozi nilikitoa katika hesabu yangu, yaani nilikihesabu kama hakipo.

Asubuhi hiyo fundi wangu alikuja, tukapita kwenye vali zote zilizo chini ya maji, zile zinazoingiza maji ya injini na ya choo. Kila moja nilitaka ifungike na kufunguka kwa mkono, bila nyundo. Moja, ya choo, ilikuwa imeganda, na fundi alipoikwaruza kwa kisu akaona rangi ya waridi badala ya rangi ya dhahabu, dalili kwamba zinki iliyomo ndani ya shaba nyeupe (brasi) imeliwa na chumvi na kilichobaki ni sifongo ya shaba nyekundu tu. “Kaka, hii ukiipiga teke inabaki mkononi,” akasema, na sikumuuliza vipi kitu cha teke kinabaki mkononi. Mpwa wangu akazama na miwani maji yalipokupwa, akarudi na habari kwamba rafadha ziko sawa na vipande vya zinki vya kulinda chuma vimeliwa nusu, habari njema, kwa kuwa zinki isiyolika kabisa ni ya kutiliwa shaka.

Mengine hayakuwa na kisa. Taa za usiku ziliwaka, nyekundu kushoto na kijani kulia. Redio ya VHF, ile ya kuzungumza na vyombo vingine baharini, ilijibiwa na boti ya uvuvi. Kipima kina kilikubaliana na kamba yenye risasi niliyoishusha mwenyewe. Gesi ya jiko ilikuwa kwenye sanduku lake lenye tundu la kutolea nje, na hilo nililikagua mara mbili, kwa sababu gesi ile ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama ngamani ikisubiri cheche.

Siku ya tatu tulitoka nje ya mwamba. Fundi alikaa chini na kipimajoto chake, mimi nikakaa kwenye usukani, na tukaendesha kwa kasi kamili dakika kumi. Injini ya kulia ilikaa nyuzi 82. Ya kushoto ilianza hapohapo, kisha ikapanda polepole hadi 96, nikapunguza kasi kabla haijafika 100. Tuliporudi kwenye boya fundi alifungua pampu ya maji ya bahari akakuta gurudumu la mpira limepoteza mabawa mawili, na mabawa yenyewe tukayakuta yamekwama mdomoni mwa kipozeo. Gurudumu ni kitu cha bei rahisi. Swali langu lilikuwa injini imewahi kuchemka mara ngapi kabla ya siku ile, kwa hiyo tulitazama oili kama ina weupe wa maziwa, tukatazama maji ya kupozea kama yana utando wa mafuta, tukapima mgandamizo wa kila silinda. Zote zilikuwa karibu sawa. Nikapumua.

Nilimwekea mzee daftari mezani, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na bei ya kila kitu kama nilivyoulizia kwenye maduka ya Mombasa: betri, vali, kamba ya shafti, vali ya tangi, gurudumu la pampu, na siku tatu za kuitoa boti majini. Alibisha juu ya kiyoyozi tu. Alipofika kwenye saa nilizoandika za pampu ya ngama alinyamaza, akasoma mara mbili, akaniuliza kama nina hakika. Tukakubaliana apunguze shilingi 450,000, nami nikakubali kiyoyozi kama kilivyo, na wiki iliyofuata tukaandikiana mbele ya wakili na kupeleka maombi ya kubadilisha umiliki kwa mamlaka ya bahari.

Safari ya kwanza nilitia nanga kwenye kina cha mita 8, nikiwa na mpwa wangu na wageni wawili. Winchi ya nanga nilikuwa nimeijaribu siku ya pili: nilishusha mnyororo mita mbili nikasikia mota inalia vizuri, nikaweka alama ya vema daftarini. Upande wa kushusha ulikuwa mzima. Kupandisha kuna swichi yake, na migusano yake ilikuwa imeliwa na kutu zamani. Mimi na mpwa wangu tuliuvuta mnyororo wote kwa mikono, jua la saa saba likiwa juu ya vichwa vyetu, wageni wakipiga picha.