Wiki ya 7 na chuma pajani

Leo natimiza wiki ya 7 tangu niwekewe chuma kwenye paja, na kusema ukweli mguu sio ulionitesa zaidi. Mguu una ratiba yake bana, kuna tarehe ya kutoa nyuzi, kuna eksirei, daktari wa mifupa kashakwambia paja linaweza kuchukua miezi 3 mpaka 6 kuunga, basi unajipanga. Kichwa ndo hakina ratiba. Siku natoka wodini nilipewa karatasi: kidonda kikitoa usaha rudi, homa ikipanda rudi, kigimbi kikivimba na kuuma kimbia hospitali. Kuhusu huzuni na kukata tamaa, hata mstari mmoja hamna.

Wiki 2 za mwanzo nilikuwa sawa, tena nachekesha watu. Wageni hawaishi, kila mtu anataka aone mshono. Wiki ya 4 wote wamerudi kwenye mihangaiko yao, siwalaumu, mi nikabaki na dari. Usiku saa 9 maumivu yananiamsha, mchana nasinzia kufidia, usiku tena macho makavu, na ukikosa usingizi maumivu yanazidi, yakizidi usingizi ndo unapotea kabisa.

Sasa ilikuja siku ya glasi ya maji. Nimejikongoja mpaka jikoni na magongo yangu mawili, nikamimina maji, halafu nikabaki nimesimama naiangalia ile glasi maana mikono yote imeshika magongo, naibebaje? Nikayanywa palepale nimeegemea sinki huku machozi yananitoka, mtu mzima mimi. Tangu siku hiyo hata kuoga nikawa sijisumbui, mazoezi nikiulizwa nasema nimefanya.

Dada wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, ndo alinishtukia. Goti limegoma kukunjika kupita digrii 60 wiki nzima. Akaweka kipimo chake pembeni, akauliza maswali mawili tu: kwa wiki 2 zilizopita, mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo, na mara ngapi umekuwa na huzuni au kukata tamaa. Kila swali ni 0 mpaka 3. Nikapata 5 kati ya 6, na ukianzia 3 wanakupeleka kwenye yale marefu ambayo yako 9. Nikabisha, nikamwambia ni uchovu wa kulala tu huu. Akacheka kidogo, akasema wangapi anawaona hapo wanaitwa wavivu wa mazoezi kumbe ni sonona (depression), mtu anaacha mazoezi, msuli unanyauka, goti linakakamaa, anajiona haponi, anazidi kuzama.

Kinachoniuma ni kwamba maswali yenyewe hayafiki hata dakika 2, yangeweza kuulizwa kabla sijaingia chumba cha upasuaji. Mi niliwahi kuugua sonona miaka mingi nyuma, na aliyewahi kuugua ndo wa kuangaliwa mapema. Hakuna aliyeuliza, na mimi nami nikanyamaza, nikaona haya ni mambo ya mifupa bwana, ya kichwa yanaingiaje.

Vidonge vya sonona tuliviongelea na daktari. Vinachukua wiki kadhaa mpaka vifanye kazi uone tofauti, na baadhi yake vinaongeza uwezekano wa kutoka damu, nami bado nilikuwa nachoma sindano za kuzuia damu isigande. Akaona tuanze na mshauri kwanza, tukikwama tutarudi kwenye vidonge, ila nisije nikajinunulia mwenyewe. Dawa ya maumivu sasa nameza kwa saa zake badala ya kusubiri nikunje uso. Kulala mchana mwisho dakika 30. Asubuhi lazima nitoke nje nipate jua, hata kama sina hamu, hasa kama sina hamu. Na glasi nimeachana nayo, nina chupa yenye kifuniko, nimeifunga kamba naivaa shingoni kama mtoto wa chekechea, wanaonicheka nacheka nao.

Sio kwamba kila kitu kimenyooka. Jana sikutaka kuongea na mtu kuanzia asubuhi mpaka jioni, nikamwandikia mshauri hivohivo, akanijibu asante kwa kusema.

Ya leo nimeandika kwenye daftari: chumbani mpaka mlango wa nje mara 4, goti digrii 88, usingizi masaa 5 na nusu. Mpira wa chini wa gongo la kulia umelika upande, kesho nimwambie kaka anitafutie mwingine kabla sijateleza.