Siku moja maishani mwangu: rafu ndani ya hoteli

Ujumbe wa askari wa usiku wa hotelini umenikuta kwenye foleni ya feri Likoni, saa kumi na moja na nusu alfajiri: "Dada, stima zilipotea saa saba. Zimerudi sasa hivi." Nikapiga hesabu. Masaa manne na nusu. Kwenye friza yangu mna pakiti 42 za sambusa mbichi, na mfuniko wa friza ile haukazi tangu wiki jana. Nimesema, nimeandika, nimepiga hadi picha. Fundi yuwaja, yuwaja.

Niwaeleze kwanza. Nafanya kazi katika hoteli ya chakula yenye matawi matatu hapa Mombasa. Miaka tisa nilikuwa weita. Sasa mimi ni "mtu wa rafu", jina nililopachikwa na wapishi, wala si la heshima sana. Rafu zenyewe ni nne, zimesimama kwenye kona iliyokuwa na meza mbili: bizari ya pilau ya jikoni kwetu, achari ya embe, ukwaju wa chupa, kachri za muhogo. Pembeni ndiyo friza.

Haya yote ni mabaki ya 2020, mwaka wa korona. Machi 27 ilianza kafyu, saa moja jioni kila mtu ndani. Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mei ikawa zamu ya Mji wa Kale. Nani angekuja kula biryani? Stoo ilikuwa imejaa mchele, bosi akaanza kuwauzia majirani mchele, mafuta na vitunguu. Baadaye akasoma kwamba Panera Bread, hoteli kubwa za Marekani, nao Aprili ile ile walianza kuuza maziwa na mkate. Wiki nzima alitembea kifua mbele kana kwamba wao ndio walimwiga yeye.

Saa kumi na mbili na robo nikafungua friza. Pakiti za chini baridi yake inauma vidole. Za juu, zilizopigwa na hewa ya mfuniko, zinatoa jasho. Nikabonyeza moja kwa kidole gumba: katikati bado mna barafu, lakini manda, ule mkate mwembamba wa kufungia nyama, imelowa, pembe imeachia na nyama yachungulia. Sambusa ikifika hapo hairudi kwenye baridi. Ukiigandisha tena itapasukia ndani ya mafuta ya mteja, na mteja hatailaumu stima.

Nikahesabu pakiti 17, kila moja sambusa 12.

Mpishi wetu mkuu tunamwita Ami. Nilimkuta anaosha mchele.

"Shikamoo Ami. Nina sambusa mia mbili na nne, zataka mafuta leo."

"Marahaba. Zataka mafuta au zanitaka mimi?"

Akachukua moja, akaikunjua, akagusa nyama kwa mgongo wa kidole, akainusa. "Bado ni baridi. Lete. Lakini hasara si yangu."

Ami hajawahi kuipenda kona yangu. Siku ya kwanza alipoona bizari yake kwenye pakiti alisema tunauza mkono wake. "Leo wamuuzia bizari, kesho atakuja kula nini hapa?" Kumbe wanunuzi wa bizari ndio wanaorudi zaidi, tena na malalamiko: pilau imekataa kuwa kama ya hapa. Haiwezi kuwa. Pilau yetu inapikwa kwa sufuria ya kilo ishirini na makaa juu ya mfuniko, na hayo hayaingii kwenye pakiti.

Saa tatu wateja wa rafu huanza. Bibi mmoja akafungua pakiti papo hapo, kabla hajalipa, akainusa. "Mwanangu, mmepunguza iliki humu." Sikumbishia. Alikuwa sahihi.

Kitu kisichotoka ni unga na sukari. Bosi alisisitiza viwepo ili mtu amalize mahitaji yote hapa. Lakini duka la jirani laweza kukupimia sukari ya shilingi ishirini na mafuta ya kumimina. Nani atafuata pakiti ya kilo mbili hotelini? Zaidi ya hayo, unga unatuchanganyia mashine ya kaunta: sahani ya biryani ina VAT ya asilimia 16, unga wa mahindi hauna, na kijana wa kaunta mara hukosea hivi, mara vile.

Mchana siwezi hata kuzifikia rafu, foleni ya chakula yanizibia. Leo sikuona vibaya. Sambusa zilikuwa zinatoka kwenye karai moja kwa moja hadi kwenye karatasi, shilingi hamsini moja, na watu wa ofisini wakichukua tano tano. Kufikia saa nane sinia liko tupu.

Saa tisa jikoni hupoa, na kina mama wa manda huchukua meza. Mimi huacha kila kitu nikatazame. Donge dogo linasukumwa, linapakwa mafuta, linanyunyizwa unga, jingine juu yake, na jingine, kisha yote yanasukumwa kwa pamoja hadi kuwa mapana na mepesi. Yanapitishwa juu ya chuma cha moto kidogo tu. Halafu, kabla hayajapoa, Mama mmoja anashika ukingo kwa kucha na kuyabandua moja moja, huku akipuliza vidole. Yakipoa yamegandana, kazi imeharibika. Bosi anataka tupeleke manda hizi kwenye supamaketi, zikiwa na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na msimbo wa mistari unaoanza na 616 kama bidhaa nyingine za Kenya. Mwezi wa Ramadhani hata rafu zetu wenyewe hatuwezi kuzijaza.

Saa mbili usiku nikafungua daftari. Pakiti mbichi twauza shilingi 360, hivyo 17 ni 6,120. Zilipokaangwa zimeingiza 10,200. Zimeingia wapi? Daftari la jikoni. Kwangu mimi zimeandikwa: zimeharibika, 17.

Nikalibeba daftari hadi kwa Ami.

"Ami, nilipe elfu sita na mia moja ishirini."

"Toa mafuta."

"Natoa mia tano."

"Toa na mkono wangu."

"Ami, si ulisema mkono wako umo ndani ya pakiti?"

Akacheka hadi akakaa. Akachukua kalamu, akafuta "zimeharibika", akaandika 5,620 kwa mwandiko wake wa kupinda, akatia sahihi. "Na friza?"

"Fundi yuwaja."

Nilipotoka nilikuwa nimeuwekea mfuniko jiwe la kusagia pilipili.